Apolo Kivebulaya: Mwalimu aliyevuka Semliki na jembe begani

WAFANYABIASHARA wanaopita Fort Portal na Bundibugyo kuelekea Kongo wanaijua ile njia inayoteremka kutoka milima ya Rwenzori hadi bonde la mto Semliki. Huku juu ni baridi na ukungu, kule chini ni joto na nyasi ndefu. Ng'ambo ya mto kuna vilima vya Mboga, ambavyo siku hizi vinaitwa Boga, katika mkoa wa Ituri.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alipita njia hiyo mtu mmoja wa makamo, Mganda, akiwa na kitabu na jembe. Hakuwa na bunduki wala bidhaa. Alikuwa mwalimu wa dini aliyebatizwa chini ya miaka miwili nyuma. Jina lake lilikuwa Apolo Kivebulaya, na leo Kanisa la Anglikana la Kongo linamhesabu kuwa baba yake.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunadhani imani hukua kwa siku moja kubwa: mkutano wa injili, machozi, mikono juu, kisha mambo yote yamekwisha. Maisha ya mzee huyu yanatufundisha kitu kingine.

Pacha wa Buganda

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Wazazi walimwita Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia, na mwenzake huitwa Kato. Kwetu tungesema Gakuru na Gato.

Buganda ya wakati huo ilikuwa imechanganyikana. Misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilileta nguo, bunduki na Kurani. Mwaka 1877 wakaja wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, na mwaka 1879 mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa. Kabaka Mutesa I alifariki 1884, mwanawe Mwanga akatawala, na kati ya 1885 na 1887 Wakristo wengi wakauawa. Kuanzia 1888 zikafuata vita vya dini. Kijana Waswa alipita katika hayo yote. Alijifunza kwanza Uislamu, akawa askari, akasikia pia mafundisho ya Mskoti Alexander Mackay, lakini hakuamua haraka.

Wakristo wa Buganda siku hizo waliitwa wasomaji. Kufuata dini na kujifunza kusoma vilikuwa kitu kimoja. Mtu alikaa chini na herufi kila siku, mpaka aweze kusoma Injili mwenyewe, ndipo abatizwe. Waswa naye alipita njia hiyo ndefu. Alibatizwa Januari 1895 akachagua jina la Apolo, yule mwalimu wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya ni la utani. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kijeshi juu ya kanzu yake.

Jembe lililowashangaza watu

Mwaka huohuo wa 1895 alitumwa Toro, na mwaka uliofuata Mboga. Walimu wawili wa Kiganda waliomtangulia huko walikuwa wameondoka. Chifu Tabaro na watu wake hawakuwapa chakula, nao hawakuwa tayari kulima. Tusiwacheke. Katika Buganda kulima lilikuwa jambo la wanawake, na mwanamume wa heshima hakuonekana shambani. Kushika jembe mbele za wageni ilikuwa ni kujishusha.

Apolo alikwenda na jembe lake. Alijua kwamba mwalimu anayengoja kulishwa na chifu atanyamaza siku chifu akikasirika, au ataondoka siku chakula kikikatwa. Basi alilima, akapanda, akala jasho lake. Alijenga nyumba ndogo ya ibada, akakusanya vijana akawafundisha kusoma. Kazi ilikuwa ileile kila siku: sala, shamba, herufi, na sala tena jioni. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima.

Lakini mafundisho yake juu ya pombe, wake wengi na pepo hayakumpendeza Tabaro. Apolo alipigwa na kuteswa. Kisha ikatokea ajali. Wakati wa ujenzi, mkuki ulioachwa kwenye nyasi ulimchoma dada yake chifu, naye akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji. Alipelekwa Toro akiwa mfungwa, akatiwa gerezani, mpaka ilipoonekana hana hatia akaachiwa.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za mateso, moyo wake ukiwa umevunjika, alimwona Kristo usiku akiwaka kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yu pamoja naye. Watu wengi wanapomtaja Apolo huishia hapo, kwenye maono. Mimi naona tuangalie alichofanya baada ya maono. Alirudi Mboga.

Alirudi kwa watu waleule waliompiga na kwa chifu yuleyule aliyemshtaki. Hakuna aliyemlazimisha, maana Toro kulikuwa na kazi ya kutosha kwa mwalimu kama yeye. Alishika tena jembe na kitabu. Na Tabaro, ambaye alikuwa amemwangalia mtu huyu kwa muda mrefu, naye akaanza kujifunza. Mwishowe akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mpaka wapita katikati

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alitumika Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wanagawana ardhi. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910, uleule ulioiweka Bufumbira Uganda na kuziacha Rutshuru na kisiwa cha Ijwi Kongo, ndio uliothibitisha kwamba Mboga ni ya Wabelgiji. Wakristo wa Mboga wakajikuta ng'ambo ya mpaka, mbali na kanisa lililowalea.

Tunaoishi mipakani tunajua maana yake. Jana ulikwenda kwa shemeji yako kwa miguu, leo unaulizwa karatasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Apolo aliomba kurudi kukaa Mboga, akiwa sasa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, chini ya serikali ambayo haikumjua na katika nchi isiyokuwa yake. Alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe mwaka 1922, lakini hakwenda kukaa Namirembe.

Hakuoa. Mchumba wake alikuwa amefariki, naye hakutafuta mwingine. Katika jamii zetu mwanamume asiye na mtoto husemwa sana. Yeye aliijaza nyumba yake watoto wa wengine, akawalea na kuwasomesha.

Mwaka 1921 aliamini kwamba Kristo amemwagiza aende msituni kwa Wambuti, wale ambao wengi huwaita Mbilikimo. Majirani waliwadharau, na watu wachache walifikiri wanastahili kufundishwa. Apolo alikuwa karibu na miaka sitini. Aliingia msitu wa Ituri kwa miguu, akalala katika vibanda vyao vya majani, akajifunza namna ya kusema nao. Walihamahama kufuata mawindo, naye akawafuata. Kazi ilianza pia ya kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao, na kabla hajafa alikwisha kuwabatiza wa kwanza wao.

Mwanzoni mwa mwaka 1933 aliugua moyo, akatibiwa Kampala. Alipoona mwisho umekaribia, hakutaka kufia kwao Buganda. Alivuka tena Semliki na kufariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza kwamba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi ya kukielekeza mashariki. Kazi ilikuwa bado iko upande ule. Waanglikana wa nchi kadhaa humkumbuka tarehe hiyo kila mwaka.

Boga ya leo

Kanisa lile la nyasi lilizaa dayosisi mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa huko wakawa na jimbo lao wenyewe chini ya askofu mkuu wao. Lakini Boga haijapata amani. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, siku moja tu baada ya kumbukumbu ya Apolo, watu wenye silaha waliishambulia Boga na Tchabi jirani yake, wakaua watu zaidi ya 50. Familia zilikimbia kila upande.

Ndiyo maana naona maisha ya mzee huyu yanatuhusu sisi tuliorudi kutoka ukimbizini. Nilisomea ugenini, nikaja nchini mwangu nikiwa sijui hata njia za mtaani. Tulidhani kurudi ni siku ile ya kuvuka mpaka na mizigo, watu wakiimba. Siku ile ilipita. Kilichobaki kilikuwa asubuhi za kawaida: kumsalimu jirani usiyemjua moyo wake, kufundisha darasa lenye watoto wa kila upande, kulima kiwanja chenye historia chungu. Wengi walioimba kwa nguvu siku ya kwanza walichoka na asubuhi hizo.

Imani nayo ni hivyohivyo. Mwenye duka hapati wateja kwa kufungua siku moja kwa ngoma, kisha kufunga siku sita. Mteja hurudi kwa sababu jana alikukuta na juzi alikukuta. Ibada ya Jumapili ina thamani yake, lakini Apolo aliabudu pia Jumatatu akiwa na matope miguuni, na utii wake Tabaro aliuona shambani kabla ya kuusikia kanisani.

Anayepita Boga kwa biashara, hali ya usalama ikiruhusu, aulize wenyeji lilipo kaburi la mzee Apolo. Atakuta amelala ugenini kwa hiari yake, kati ya watu aliowarudia.