Mangi Meli wa Old Moshi na uzushi uliomfikisha kitanzini

Kila siku simu zetu hupokea ujumbe unaotutaka tutume pesa kwenye namba nyingine, au tangazo la mkopo wa haraka kwenye WhatsApp na Facebook lenye picha ya mtu tunayemwamini. Wengi wetu hudhani hila hizi zimeletwa na intaneti. Leo tunapanda hadi Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kumkumbuka mtawala aliyeangamizwa na taarifa za uongo miaka mingi kabla ya simu za mkononi.

Mangi Meli alikuwa nani?

Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, aliyejulikana pia kama Mandara, mtawala wa Moshi aliyewekeana mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Rindi alipofariki mwaka 1891, Meli alirithi kiti akiwa bado kijana. Juni 1892 wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Kijerumani, na kamanda wake, Albrecht von Bülow, akauawa. Agosti 1893 Gavana Friedrich von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi na Moshi ikashindwa. Meli aliachwa kwenye kiti chake, lakini sasa akitawala chini ya macho ya ngome ya Wajerumani.

Uzushi ulianzia wapi?

Wakati huo mlimani kulikuwa na wamangi wengi, kila mmoja na eneo lake, na kila mmoja akitaka kusikilizwa na mkubwa mpya. Aliyefanikiwa zaidi ni Mangi Marealle wa Marangu, ambaye Wajerumani waliweka kituo kwake mwaka 1891. Walimfahamu na kumwamini. Wanahistoria wengi, pamoja na masimulizi ya wazee wa Old Moshi, wanaeleza kuwa ni kwake zilikotoka habari kwamba Meli na wamangi wenzake walikuwa wakipanga kuishambulia ngome.

Mkuu wa kituo, Kapteni Kurt Johannes, alizikubali habari hizo. Zilitoka kwa rafiki, na zilifanana na hofu iliyokuwapo tangu kifo cha von Bülow. Machi 2, 1900, watu 19, wamangi na washauri wao, walinyongwa Old Moshi. Miongoni mwao walikuwa Meli, Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Baadaye mamlaka ya Marealle yalitanuliwa hadi Vunjo na Rombo.

Hatusemi kwamba Wajerumani walidanganywa tu. Kamba ilishikwa na utawala wa mabavu, ambao ulikuwa tayari kuamini lolote dhidi ya waliowahi kuushinda vitani. Lakini uongo ndio uliowapa sababu.

Inaaminika kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilitambua mabaki ya Akida, mshauri wake, na mengine yenye undugu na ukoo wa Molelia. Kichwa cha Meli hakikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Tunajifunza nini?

Tapeli wa mtandaoni hupita njia ile ile. Huazima jina la mtu unayemwamini, mara nyingi kwa kuiba akaunti ya ndugu au rafiki. Hugusa hofu au tamaa uliyonayo tayari: mtoto anaumwa, ajira imepatikana, umeshinda zawadi. Kisha hukuharakisha, usipate nafasi ya kumuuliza mtu mwingine.

Kwa hiyo, ujumbe wa pesa ukikufikia, kwanza mpigie mhusika kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Jiulize nani atafaidika ukiamini. Usimpe mtu yeyote namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Na kwa Tanzania, tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kuripoti namba ya tapeli, ili asimfikie jirani yako.

Mwaka 2019 sanamu ya Meli iliwekwa Old Moshi, karibu na mti unaotajwa kuwa ndio alionyongwa. Tukipita hapo tunawakumbuka watu 19 waliouawa kwa habari ambazo zingestahili kuulizwa mara ya pili.