Ignaz Semmelweis, Daktari Aliyeamuru Mikono Ioshwe

Safari hii twapenda kuwasimulia maisha ya daktari aliyefariki zamani sana, Ignaz Semmelweis. Wauguzi na wakunga walio kati yetu bila shaka walilisikia jina lake chuoni. Wengine huenda ni mara ya kwanza. Lakini hakuna nyumba hapa Mjimwema ambayo haijapata kumpeleka mgonjwa Kibena au Ilembula, au kumngojea mama aliyekwenda kujifungua. Kwa hiyo habari zake zatuhusu sote.

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mji wa Buda, ambao leo ni sehemu ya Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake alikuwa mwenye duka, naye alikuwa mtoto wa tano kati ya kumi. Mwaka 1837 alikwenda Vienna, Austria, kusomea sheria, lakini haukupita muda akahamia masomo ya uganga. Alihitimu udaktari mwaka 1844, na mwaka 1846 akawa msaidizi wa Profesa Klein katika wodi ya wazazi ya Hospitali Kuu ya Vienna.

Hospitali hiyo ilikuwa na idara mbili za uzazi. Ya Kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya Pili na wakunga. Akina mama walipokelewa kwa zamu, siku moja huku, siku ya pili kule. Mwaka 1846 walijifungua akina mama 4,010 katika Idara ya Kwanza, wakafa 459. Katika Idara ya Pili walijifungua 3,754, wakafa 105. Maana yake, kwa madaktari alikufa mama mmoja karibu katika kila tisa, na kwa wakunga mmoja katika kila thelathini na sita. Mji mzima ulijua jambo hili. Wanawake walipiga magoti wakilia ili wasipelekwe Idara ya Kwanza. Hata waliojifungulia njiani kabla ya kufika hospitali walipona zaidi kuliko waliowahi kitanda.

Ugonjwa uliowaua uliitwa homa ya uzazi. Siku chache baada ya kujifungua mama alitetemeka kwa baridi, homa ikapanda, tumbo likavimba, akili ikapotea, akafa. Leo twajua kwamba ni vijidudu vilivyoingia kwenye kidonda cha kizazi na kuenea katika damu. Wakati ule wakubwa wa uganga walisema ni hewa mbaya.

Semmelweis hakuridhika, kwa sababu hewa ya idara zote mbili ilikuwa ile ile. Akatafuta kama mwanafunzi atafutavyo kosa katika hesabu, akipima jambo moja moja. Msongamano? Idara ya Pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Namna ya kumlaza mama wakati wa kujifungua? Akaibadili, vifo vikabaki vile vile. Padre alikuwa akipita katika Idara ya Kwanza, mtumishi akimtangulia na kengele, kwenda kuwapa sakramenti waliokuwa kufani. Wengine walidhani hofu ya kengele ndiyo iliyoua. Akaombwa apite njia nyingine bila kengele. Vifo havikupungua.

Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Profesa Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma habari za ugonjwa huo aliona ni ule ule wa akina mama. Hapo akatambua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakipasua maiti asubuhi, kisha wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Mauti ilikuwa ikibebwa na mikono ya waganga wenyewe, na yake ikiwamo.

Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila aingiaye wodini aoshe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini, mpaka harufu ya maiti itoke. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa akina mama 57 kati ya 312. Mwezi Juni walikufa 6 kati ya 268, na Julai 3 kati ya 250. Mwezi Oktoba likatokea jambo jingine: alilazwa mama mwenye kansa ya kizazi iliyotoa usaha. Madaktari walimpima yeye kwanza, wakanawa kwa sabuni tu, wakaendelea na wengine kumi na wawili. Kumi na mmoja wakafa. Tangu hapo akaamuru mikono ioshwe kwa dawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mwaka 1848, miezi ya Machi na Agosti, hakufa mzazi hata mmoja.

Tungetazamia kwamba angeshukuriwa. Wapo waliomwamini, lakini wakubwa wengi walikataa, maana kukubali kulikuwa ni kukiri kwamba waliwaua wagonjwa wao kwa mikono yao. Mwaka 1849 hakuongezewa muda wa kazi, na mwaka 1850 akarudi kwao. Katika hospitali ya Mtakatifu Rochus huko Pest, mwaka 1851 hadi 1857, wazazi 933 walijifungua chini yake, wakafa 8 tu kwa homa hiyo.

Sisi tuliofundisha twaona pia upungufu wake. Kujua ni jambo moja, kufundisha ni jingine. Kwa miaka mingi aliwaachia rafiki zake waandike kwa niaba yake, na kitabu chake kamili kikatoka mwaka 1861 tu. Waliompinga aliwaita wauaji hadharani, nao wakazidi kuziba masikio. Huku nyuma akina mama waliendelea kufa.

Mwishowe akili yake ilivurugika. Mwezi Julai 1865 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Vienna, akapigwa na walinzi, akapata kidonda kilichooza, na sumu ikaingia katika damu. Akafariki tarehe 13 Agosti 1865, mwenye umri wa miaka 47, kwa ugonjwa wa namna ile ile aliyopigana nayo. Siku moja tu kabla yake, Joseph Lister alitia dawa ya kaboliki kwa mara ya kwanza katika kidonda cha mtoto aliyevunjika mguu huko Glasgow, na kazi hiyo ndiyo iliyobadili upasuaji duniani.

Ugonjwa huu haujaondoka. Uchunguzi wa watoto waliolazwa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulionyesha kwamba kati ya waliokutwa na vijidudu katika damu, zaidi ya theluthi moja walifariki, na hatari ilizidi pale vijidudu vilipokuwa sugu kwa dawa aliyopewa mtoto. Basi dawa za vijidudu zisinunuliwe kiholela, wala zisiachwe kabla ya kumaliza siku zilizoandikwa.

Mtu mwenye kidonda, aliyepasuliwa, au mama aliye katika arobaini yake, akipata homa kali au mwili kuwa baridi, akapumua mbiombio, akachanganyikiwa au mkojo ukapungua, asingojeshwe hadi kesho. Apelekwe hospitali mara moja. Saa chache zaweza kuamua uhai wake.

Tena tunapokwenda kuwatazama wagonjwa, desturi yetu ni kupita kitanda kwa kitanda tukiwashika mikono na kuwaombea. Desturi hiyo ni njema na isiachwe. Ila tunawe kwa sabuni kabla ya kuingia, na tena kati ya mgonjwa na mgonjwa, hata mwezi wa Juni maji ya Njombe yanapouma vidole. Na muuguzi akituomba tunawe, tusione kwamba ametudharau.