Theodor Kocher: Mpasuaji aliyekiri madhara ya kisu chake

ROVU, ule uvimbe wa shingo unaosababishwa hasa na ukosefu wa iodini, si ugonjwa mgeni katika nyanda za juu za Kenya. Upasuaji wake, unaofanywa leo katika hospitali kama Tenwek, Bomet, ulipata kanuni zake kwa Theodor Kocher wa Uswisi.

Kocher alizaliwa mjini Bern Agosti 25, 1841, katika nchi ya milima ambako rovu lilikuwa limeenea. Mwaka 1872 aliteuliwa profesa wa upasuaji. Enzi hizo wengi waliogopa kugusa tezi ya thairoidi, kwani wagonjwa walikufa kwa kuvuja damu na maambukizi. Kocher, aliyezingatia usafi na kufunga kila mshipa, alipunguza vifo mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1874 alimwondolea msichana wa miaka 11 tezi yote. Baadaye ilibainika kwamba mtoto huyo amedumaa na akili yake imezorota. Mwaka 1883 Kocher aliwaita wagonjwa wake wa zamani. Kati ya 18 walioondolewa tezi yote na kuchunguzwa upya, 16 walikuwa wamedhoofika. Hakuficha. Aliyatangaza hayo mbele ya wapasuaji wenzake mjini Berlin, akaanza kubakiza sehemu ya tezi.

Wagonjwa wa Theodor Billroth wa Vienna, kwa upande wao, walipatwa na mkakamao wa misuli. William Halsted wa Marekani alieleza sababu: upasuaji wa Billroth uliharibu parathairoidi, tezi ndogo nne zinazopandisha kalsiamu ya damu. Kocher, kwa uangalifu wake, alizinusuru.

Thairoidi yenyewe ina seli za aina mbili zinazotoa homoni. Nyingi hutumia iodini kutengeneza thairoksini, inayoongoza ukuaji. Chache, ziitwazo seli C, hutoa kalsitonini, inayoshusha kalsiamu. Hiyo Kocher hakuijua, kwani ilitambuliwa miaka ya 1960.

Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909, akiwa mpasuaji wa kwanza kuipata, akafariki Julai 27, 1917.

Tangu 1978 sheria ya Kenya imetaka chumvi itiwe iodini. Hata hivyo, wapo ambao bado huhitaji kisu. Anayeondolewa tezi yote sasa hupewa vidonge vya homoni maisha yake yote, na kalsiamu yake hupimwa. Tahadhari hiyo ya kwanza ilitokana na wagonjwa 16 ambao daktari wao hakuona haya kuwahesabu.