Dkt. Maria Montessori na siri ya mtoto kujifunza mwenyewe

Ukipita katika miji yetu hivi sasa si ajabu kukuta bango la shule ya watoto wadogo lenye neno Montessori. Aghlabu bango hilo huwa kwenye geti la shule yenye ada kubwa, ambayo mtoto wa mama ntilie hawezi hata kuiota. Ni wachache wanaojua kuwa hilo ni jina la mtu, na wachache zaidi wanaojua kuwa mfumo wake ulikua mikononi mwa watoto wa makabwela.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji wa Chiaravalle, Italia. Baba yake hakupenda bintiye asomee udaktari, fani iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Binti hakurudi nyuma. Mwaka 1896 alihitimu Chuo Kikuu cha Roma, akawa miongoni mwa madaktari wanawake wa mwanzo nchini humo.

Kazi ikampeleka kwa watoto wenye ulemavu wa akili waliofungiwa katika hospitali za vichaa. Wengine waliona ugonjwa tu. Yeye aliona watoto wasio na kitu cha kushika wala cha kufanya. Alisoma kazi za Wafaransa wawili, Itard na Séguin, akatengeneza vifaa vya kuchezea kwa mikono, na baadhi ya watoto wale wakafaulu mitihani ya kusoma na kuandika. Watu wakamsifu. Yeye akajiuliza: kama hawa wameweza, ni nini kinachowadumaza watoto wazima katika shule za kawaida?

Jibu lilianza kuonekana Januari 6, 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa walalahoi mjini Roma. Wazazi walipokwenda vibaruani, watoto wao wadogo walibaki wakizurura na kuchafua kuta za majengo. Kampuni yenye majengo hayo ikamwomba Montessori awasimamie. Alipewa chumba, watoto wapatao 50, na msaidizi ambaye hakuwa amesomea ualimu. Chumba hicho kikaitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Mwanzoni vifaa vilifungiwa kabatini, na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja alisahau kufunga. Alipofika alikuta kila mtoto ameshachagua chake na yuko kazini. Mwalimu aliona huo ni wizi. Montessori aliona kuwa watoto wanajua wanachokihitaji. Tangu hapo vifaa vikawekwa mahali wazi, kimo cha mtoto.

Siku nyingine alimwona binti wa miaka kama 3 akitumbukiza vigogo vya mbao katika matundu yake. Akawaambia wenzake waimbe, akamnyanyua pamoja na kiti chake. Binti hakushtuka, akarudia zoezi lile zaidi ya mara 40.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Mwalimu humwonyesha mtoto mara moja, polepole, kisha hujitoa na kumtazama. Kifaa chenyewe ndicho humsahihisha: kigogo kisipoingia katika tundu lake, mtoto anajua amekosea bila kuzomewa na mtu. Herufi zilikatwa katika karatasi ya msasa, mtoto akazipitisha kidole huku akizitamka, na wa miaka 4 na 5 wakaanza kuandika. Wala haikuwa vurugu. Kila mmoja alirudisha kitu mahali pake na hakuruhusiwa kumbughudhi mwenzake.

Habari zikaenea dunia nzima, na mwaka 1913 alipokelewa kwa shangwe Marekani. Hata hivyo maisha yake hayakukosa doa wala machungu. Mwanawe, Mario, aliyezaliwa nje ya ndoa mwaka 1898, alilelewa na watu wengine hadi alipokuwa kijana. Katika miaka ya 1920 alikubali msaada wa Mussolini, lakini walikosana na shule zake Italia zikafungwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 vita vikamwondoa Hispania. Mwaka 1939 alikwenda India, na huko yeye na Mario, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake, wakafundisha walimu zaidi ya 1,000. Alifariki Mei 6, 1952 nchini Uholanzi.

Sasa tujiulize. Je, madarasa yetu yaliyojaa ni kisingizio cha kuwafanya watoto waimbe kwa pamoja wasichokielewa? San Lorenzo hapakuwa na utajiri wala mwalimu mwenye cheti. Nasi tunayo mizizi ya jambo hili: katika vyuo vyetu vya zamani kila mtoto alikuwa na mahali pake katika juzuu, akisonga anapoweza, na mkubwa akimsomesha mdogo.

Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuanza na kipande cha msasa, vizibo vya soda vya kuhesabia na kona moja ambayo mtoto anaruhusiwa kuchagua mwenyewe. Nawe mzazi unayemwandikia mwanao kazi ya nyumbani, au kumfunga vifungo vya shati kwa sababu unachelewa, mwache ajaribu. Atachelewa leo, lakini kesho hatakuhitaji kwa jambo hilo.