Daktari wa Jeshi na Ugonjwa wa Kwetu

Kwetu Kitui tulikatazwa kukaa karibu na vichuguu jioni. Nilipouliza sababu nikaambiwa humo hukaa usubi waletao kalaazari, homa ya kuvimbisha wengu. Ndipo nikamjua William Leishman. Alizaliwa Glasgow mwaka 1865, akawa daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1900 alikiona kijidudu cha homa hiyo katika wengu wa askari aliyeugulia Bara Hindi; akakitangaza 1903. Alifariki 1926. Vita Vikuu vya Pili vikawapeleka askari wa KAR kaskazini mwa Ziwa Turkana, wakaugua. Mwaka 1952 homa ikazuka Kitui. Basi wasomaji wenzangu, jeshi la mkoloni lilitufichulia kijidudu. Na inasadikiwa ndilo lililotuletea nyumbani.