Lou Gehrig, mutu mwenye hakukosa kazi

Wasomaji wetu, wandugu wa mugodi pamoja na mama wa nyumba, leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mutu mumoja wa New York, muji mukubwa wa inchi ya Marekani. Hakuchimba shaba wala makaa. Kazi yake ilikuwa kucheza beisboli, na mu ile kazi alimaliza karibu miaka 14 pasipo kukosa hata mara moja. Jina lake Lou Gehrig. Alikufa zamani, mu 1941, lakini paka leo Wamarekani wanamutaja wakitaka kuonesha mutumishi wa kweli. Sisi tunaona kama heshima yake kubwa inatoka ku siku moja tu, ile siku yeye mwenyewe alikataa kuingia ku kazi.

Alizaliwa mu New York tarehe 19 Juni 1903. Baba yake Heinrich na mama yake Christina walitoka Ujerumani kutafuta maisha, sawa watu wengi wa ule muji. Walizaa watoto wanne. Watatu walikufa wangali wadogo, akabakia Lou peke yake. Baba alikuwa fundi wa chuma, lakini magonjwa yalimushika mara kwa mara, na siku nyingi alikaa bila kazi. Basi mama njo alibeba nyumba. Alifua manguo ya watu, alipika na kusafisha mu nyumba za wengine, na mutoto njo alirudisha ile manguo kwa wenyewe. Christina alisema moyoni kama huyu mumoja mwenye amebakia hataishi vile. Alimutuma ku masomo, akitumaini atakuwa enjenyeri.

Lakini mutoto alipenda mupira. Tueleze kidogo. Mu beisboli mutu mumoja anatupa mupira kadogo kagumu sana, adui yake anaupiga na fimbo, kisha anakimbia kuzunguka pembe nne za uwanja. Akiupiga ukapita ukuta, anazunguka pole pole na watu wote wanasimama kupiga kelele. Mu New York ya wakati ule palikuwa ekipe tatu kubwa: Yankees, Giants, na Dodgers wa Brooklyn. Watu walitoka ku kazi, wakapanda treni, wakaenda kutazama. Mangaribi walibishana ku meza na ku baa, na asubuhi wakaanza tena ku kazi. Watoto wa wageni, wenye wazazi hawakusema Kiingereza vizuri, walijisikia kuwa Wamarekani mu ule muchezo.

Mama Christina alipata kazi ya kupika mu nyumba moja ya wanafunzi wa iniversite ya Columbia. Mu 1921 Lou naye aliingia mu ile iniversite. Pale alifanya kosa moja. Alicheza mupira wa kulipwa mu muji wa Hartford kwa jina lenye halikuwa lake. Wakubwa wa masomo walijua, wakamukataza kuchezea iniversite mwaka muzima.

Mu 1923 shida ilizidi ku nyumba. Wazazi waligonjwa na feza ya munganga haikuwa. Yankees walimuita, wakatia dola 1.500 juu ya meza ili aweke mukono ku kontra. Lou aliacha masomo, akaweka mukono. Mama hakufurahi hata kidogo. Kwake yeye, mupira haukuwa kazi ya mutu mwenye akili. Lakini deni lilikuwa ku mulango, na ile feza njo ililiondoa.

Miaka miwili ya kwanza alitumwa sana mu ekipe ya wadogo. Tarehe 1 Juni 1925 walimuingiza mu muchezo kadogo tu. Kesho yake mukubwa wa ekipe alimupumuzisha Wally Pipp, muchezaji wa pembe ya kwanza, akamuweka Lou pa fasi yake. Pipp hakurudia tena ile fasi. Kutoka siku ile Lou alicheza kila siku ya mupira, na wakati ule ekipe ilicheza michezo 154 kila mwaka.

Alicheza na maumivu ya mugongo, alicheza na vidole vyenye kuvunjika. Wanganga walipotazama mikono yake nyuma, waliona mifupa mingi yenye ilivunjika na kujifunga yenyewe. Mu 1932 alipitisha mupira juu ya ukuta mara nne mu muchezo mumoja. Pamoja naye Yankees walishinda kombe kubwa la Marekani mara sita. Lakini tusifiche kitu: hesabu ya siku ilianza pia kuwa kiburi. Mu Julai 1934 mugongo ulimukata kabisa. Kesho yake aliandikwa wa kwanza kupiga, akapiga mara moja, kisha akatoka kwenda kupumuzika. Hesabu haikukatika. Watu wengine walisema ile haikuwa kazi ya kweli.

Ku nyumba mambo hayakuwa mepesi. Lou aliwapa wazazi nyumba nzuri, akaishi nao paka alipofika miaka 30. Babe Ruth, muchezaji mwenye sifa kupita wote, alikuwa anakuja kula chakula cha Mama Christina. Watu wanasimulia kama siku moja mama alisema neno juu ya manguo ya binti ya Ruth. Neno likafika kwa bibi ya Ruth, na wale rafiki wawili wakakaa miaka bila kusemeshana, hata walicheza mu ekipe moja. Wenye kuishi mulango kwa mulango na majirani wanajua namna neno dogo linavunja urafiki.

Kisha Lou alipata muchumba, Eleanor Twitchell, binti wa Chicago. Mama hakumupenda. Hakuna bibi angetosha kwa mutoto wake wa pekee. Mangombano yalizidi, na tarehe 29 Septemba 1933 Lou alioa haraka mu nyumba yake mupya, mafundi wangali wanatengeneza. Ile siku yenyewe, kisha ndoa, alienda kucheza. Hata siku ya arusi hakukosa kazi.

Mu 1938 nguvu zilianza kupunguka. Mipira yenye zamani ilipita ukuta ilianguka karibu. Alianguka pasipo kugongwa na mutu, kufunga kamba za viatu ikawa shida. Yeye alizidisha mazoezi, akizani ni uvivu wa mwili. Mu 1939, mu michezo 8 ya kwanza, alipiga vizuri mara 4 tu. Wenzake hawakusema kitu. Tarehe 30 Aprili alishika mupira mumoja wa rahisi, wenye muchezaji yeyote angeushika, nao wakamupongeza. Pale njo Lou alielewa. Kama wanakupongeza juu ya kazi ndogo namna ile, wamekwisha kukuhurumia.

Ekipe ilisafiri kwenda Detroit. Tarehe 2 Mei, asubuhi, Lou alienda kwa mukubwa wa ekipe, Joe McCarthy, akamulomba amutoe kwa faida ya ekipe. McCarthy asingemutoa yeye mwenyewe, heshima ilimuzuia. Lou alikuwa kapteni, basi yeye mwenyewe alipeleka karatasi ya majina kwa waamuzi, na jina lake halikuwa ndani. Watu wa Detroit, hata hawakuwa wa ekipe yake, walisimama na kupiga mikono muda murefu. Alirudi ku benchi, akalia. Hesabu ilisimama pa michezo 2.130.

Mu Juni wanganga wa Mayo Clinic walimupima. Aliambiwa siku ya kufikisha miaka 36 kama ana ugonjwa wenye kuua mishipa ya kuamrisha mwili. Akili inabakia nzima, mikono na miguu vinakufa. Dawa haikuwa. Wamarekani wengi paka leo wanauita ule ugonjwa kwa jina lake.

Tarehe 4 Julai 1939 watu zaidi ya 60.000 walijaa mu stadi ya Yankees kumuaga. Lou alisema kama yeye ni mutu wa bahati. Alishukuru wenzake, adui zake wa uwanja, wafanya kazi wa stadi, wazazi wenye walitumika ili asome, na bibi yake. Alimushukuru hata mama mukwe. Babe Ruth alimukumbatia. Namba 4 ya mugongo wake ikafungwa, hakuna muchezaji mwingine wa Yankees aliivaa tena.

Mukubwa wa muji, LaGuardia, alimupa kazi mu ofisi ya kuamua juu ya wafungwa wenye kuomba kutoka. Kazi zingine zingemulipa zaidi, lakini alichagua ile. Eleanor alimupeleka kila siku, na mikono iliposhindwa alimusaidia kushika kalamu. Alikufa ku nyumba yake mu New York, tarehe 2 Juni 1941, siku ile ile yenye alimuchukulia Pipp fasi miaka 16 mbele. Mama Christina alimuzika mutoto wake wa ine. Eleanor hakuolewa tena.

Mu 1995 muchezaji mwingine, Cal Ripken, alipita ile hesabu ya 2.130. Wandugu, hesabu zinapita. Lakini wenye kushuka mu mugodi wanajua: mutu mwenye mukono umelegea na anajificha, anaweza kumuletea mwenzake lufu. Ni haya kubwa kwenda kwa mukubwa na kusema mwili umechoka, zaidi kwa baba mwenye watoto wanangojea unga. Lou Gehrig aliisikia ile haya, na asubuhi ya Detroit aligonga mulango wa mukubwa wake.