Joseph Conrad: Baharia aliyeshrub hadi kufa, lakini kalamu yake ikatikisa Uingereza

Ukishrub neno moja tu mbele ya wenzako, kicheko hakikosi. Unanyamaza, unaanza kujiona huna akili. Basi hebu mcheki huyu jamaa.

Joseph Conrad alizaliwa 1857 mjini Berdychiv, ambao leo uko Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wapolandi waliopinga utawala wa Urusi, wakapelekwa uhamishoni. Mama alifariki 1865, baba 1869. Kijana akabaki yatima akiwa na miaka 11. Alijua Kipolandi na Kifaransa. Kiingereza? Wapi!

Akiwa na miaka 16 alienda Marseille, Ufaransa, kutafuta kazi ya meli. Juni 1878 alishuka Lowestoft, Uingereza, akiwa na miaka 20 na Kiingereza cha kuokoteza. Hakuenda koleji. Aliingia kwenye meli ya kubeba makaa ya mawe, akawa anasikiliza mabaharia wakipiga stori, na pia anasoma gazeti. Unaona mbinu? Neno ukilisikia kazini, ukalikuta tena kwenye maandishi, kisha ukalitumia, halikutoki. Ukikariri orodha usiku wa mtihani, kesho yake limeyeyuka.

Usidhani ilikuwa mteremko. Alipita mtihani wa kwanza wa uofisa wa meli 1880, lakini ule wa pili na wa unahodha alianguka kwanza, akarudia. Mwaka 1886 akapata cheti cha unahodha, na pia akawa raia wa Uingereza.

Riwaya yake ya kwanza, Almayer's Folly, ilitoka 1895. Piga hesabu: miaka 17 tangu ashuke Lowestoft! Baadaye zikaja Heart of Darkness, iliyotokana na safari yake ya Kongo ya 1890, Lord Jim na Nostromo. Chinua Achebe alimkosoa vikali kwa jinsi alivyowachora Waafrika, na mjadala huo haujaisha. Lakini hakuna anayebisha kwamba Kiingereza alikiweza.

Na lafudhi je? Ilibaki nzito ya Kipolandi mpaka alipofariki 1924.

Kwa hivyo waache wacheke. Lafudhi inaonyesha ulikotoka, msamiati unaonyesha umesoma kiasi gani. Leo soma ukurasa mmoja, chukua maneno mawili mapya, uyatumie kabla hujalala. Hata ukiyashrub.